Ziwa lote lile, ndoo kavu

Tusidanganyane kwamba watu wa Mwanza hawana elimu ya kujikinga na magonjwa ya mlipuko. Elimu ipo mpaka inamwagika. Tangu Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alipotangazwa nchini, spika zimepita mitaani hadi zikakwaruza. Msimamishe mtoto yeyote pale Igogo, atakuimbia: nawa kwa maji tiririka na sabuni sekunde 20, vaa barakoa, acha msongamano. Sasa muulize ndoo iko wapi.

Ndoo ipo. Ipo mlangoni, ina koki, imeandikwa "Nawa mikono". Maji ndiyo hamna. Mwanza hii! Mji uko kando ya ziwa la kilomita za mraba elfu 68 na ushee, ukipanda jiwe lolote unaliona, halafu mtu anafungua koki inamtolea upepo. Siku yenye maji nayo ina mambo yake: unafungua koki kwa mkono mchafu, unanawa mpaka kwenye kucha, kisha unaifunga kwa mkono uleule uliotakata. Ulichokiacha pale umekichukua tena, pamoja na cha waliokutangulia. Ipake koki povu, isuuze, ndipo uifunge. Na sabuni ya maji ikishaongezwa maji mara ya tatu, jamani, hiyo si sabuni tena, ni rangi.

Kibuyu chirizi kingemaliza ugomvi wote huu. Dumu la lita 5, misumari, kamba na vijiti, basi. Choma msumari mmoja motoni, toboa tundu dogo upande wa mbele, chini kidogo ya mfuniko. Pitisha kijiti kwenye mshikio, kilaze juu ya panda mbili zilizosimikwa ardhini. Kamba itoke mfunikoni hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Unakanyaga, dumu linainama, mikono haigusi kitu. Maji yaishie chini ya tundu, ukijaza pomoni yatachuruzika usiku kucha. Fundi wetu yeye hutoboa tundu la kupita kidole, dumu linaisha kwa watu watatu, kisha anasema chombo hakifai. Sabuni ya kipande iwe kwenye kifuko cha wavu na ifungwe kwa fundo la maana, maana kunguru wa Mwanza wanapenda sabuni kuliko sisi.

Jiki nayo, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu. Ile ya asilimia 3.5, kwa sakafu iliyotapikiwa, ni kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Acha ikae dakika kumi ndipo ufute. Si ya kunawia, itakubabua. Itengeneze kila siku, iweke kivulini, jua linaila nguvu. Lakini mwenzetu anapima kwa pua: isiponuka anaongeza, ikinuka sana anaongeza limau. Klorini ikikutana na asidi inatoa hewa ya sumu, kwa hiyo anayesafisha choo anatoka mbio akikohoa, na majirani wanasema tayari kaupata UVIKO.

Barakoa sina hamu nayo. Ikiwa kidevuni inakinga kidevu. Enzi za UVIKO kulikuwa na zile za kuazima getini: wa kwanza anaingia nayo ofisini, akitoka anampenyezea wa pili kwenye uzio ikiwa bado ya moto. Mlinzi anaona, anageuka kuangalia bodaboda. Kazi yake ni kipimajoto, na hicho anakielekeza kwenye kiganja cha mtu aliyetoka kupigwa upepo kwenye kivuko. Kinasoma 33.8. "Mzima, pita!" Mtu wa 33.8 kweli si mzima, huyo anatakiwa blanketi na daktari. Kinatakiwa kuelekezwa kwenye paji la uso, karibu bila kugusa, mtu akishatulia kidogo na jasho likikauka. Hata hivyo, mwenye virusi anaweza kupita bila homa, na mwenye malaria akazuiwa.

Ila Marburg, ile homa kali ya virusi inayoua, ndiyo ilituumbua. Ilipotangazwa Kagera Machi 2023, ng'ambo tu hapo, tulirudia dawa ya zamani: barakoa. Sawa, lakini ule ugonjwa unapita hasa kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti, na nguo na matandiko yaliyochafuka navyo. Kinachotakiwa ni kutoshikana, kutoosha maiti wenyewe, na kumwachia mhudumu mwenye glavu. Sisi huku msibani, pua zimefunikwa vizuri kabisa, kiganja kwa kiganja, bega kwa bega, na pole ya mikono miwili isiyoachia mpaka umeulizwa habari za ng'ombe wote. Ukipunga mkono kwa mbali, ukaweka kiganja kifuani kwa heshima zako zote, shangazi anakutazama kuanzia viatuni, anawageukia wenzake: "Huyu si alishahamia Capri Point, kwa matajiri?"