Aliyeibiwa alipwe kwanza

Tangu Ruth Chepng'etich, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, afungiwe miaka mitatu kwa dawa zilizokatazwa michezoni, Oktoba 2025, watu wa riadha hapa Mbeya wananiambia lile lile: sheria imefanya kazi, yamekwisha. Mimi nasema hayajaisha. Tunahesabu miaka ya adhabu kana kwamba ndiyo haki yenyewe, na waliokuwa wakishindana na mtu mwenye dawa mwilini hakuna anayewataja.

Sampuli yake ya Machi 14, 2025 ilikutwa na dawa ya presha, ile inayokojosha, nanogramu 3,800 kwa mililita. Mwisho wa kuvumiliwa ni 20. Rekodi yake ya dunia ya marathoni ya Chicago 2024, saa 2:09:56, imebaki kwa kuwa ilitangulia sampuli hiyo. Sawa. Huwezi kufuta kisichothibitishwa; nakubali, lakini inaniuma.

Kinachoniuma zaidi ni yaliyompata Buzunesh Deba wa Ethiopia. Mwaka 2014 alikimbia marathoni ya Boston kwa 2:19:59 akawa wa pili nyuma ya Rita Jeptoo wa Kenya. Baadaye Jeptoo alinaswa na EPO, dawa ya kuongeza chembe za damu, na mwaka 2016 ushindi ule ukafutwa. Deba akawa bingwa, ila fedha za ubingwa hakuziona, kwa sababu waandaaji walikuwa wakisubiri Jeptoo arudishe alizochukua. Miaka ikapita, mama wa watu anasubiri. Mwaka 2024 ndipo mpenzi mmoja wa riadha wa Marekani alipomlipa dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Hebu fikiri! Deni la mashindano makubwa namna ile linalipwa na mtazamaji! Na utepe hakuukata, wala wimbo wa taifa lake haukupigwa siku ile.

Kuna binti huku Uyole anatoka alfajiri, baridi ya Juni ikiwa bado imekaa barabarani, kwa raba ambazo fundi ameshazishona soli kwa uzi wa nailoni. Akirudi anabeba viazi kwenda sokoni. Bahasha ya mbio za hapa kwetu, akiipata, ni ada ya mdogo wake na mfuko wa mbolea. Akinyang'anywa nafasi leo, akalipwa baada ya miaka kumi, msimu ule wa kupanda ataupata wapi?

Wapo wanaotaka Wakenya wote wafungiwe. Huo ni uonevu. Wasafi ni wengi.

Alphonce Simbu wetu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani, aliyekuwa wa pili, waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu ndogo mno ya sekunde. Dawa inampa mtu zaidi ya hapo, tena mara nyingi. Kwa hiyo msiniambie kwamba aliyekuwa wa pili hajapoteza kitu.

Ninachotaka ni hiki: matokeo yakifutwa, mwandaaji amlipe aliyeibiwa msimu ule ule, kutoka mfuko wake, kisha yeye ndiye amfukuzie mdanganyifu. Ana wanasheria, ana wadhamini. Mkimbiaji ana miguu tu. Na nyie mnaoandaa mbio Mbeya na Iringa, liandikeni hilo kwenye fomu ya usajili kabla hamjachukua ada ya mtu.