Umeme hauletwi kwa chupa

Saa tano kasoro robo usiku simu ikalia. Mtoto wa ami yangu, mwenye pikipiki ya umeme. "Kaka, niko Kikambala. Stima imeniishia."

Alikuwa amembeba abiria kutoka Kongowea, Mombasa, hadi Vipingo, mama mmoja na gunia lake la viazi. Kwenda kulikuwa kuzuri. Kurudi akakutana na kusi usoni, na ile asilimia ya betri aliyokuwa akiitegemea ikawa inashuka kama saa ya mchanga. Zamani, alipokuwa na Boxer yake ya petroli, jambo hili lisingemtoa jasho: unampigia mwenzako wa steji, anakuja na petroli ya mia kwenye chupa ya maji, unatikisa tangi, unaondoka. Usiku ule alikaa kando ya barabara nusu saa nzima ndipo akasimama kijana mwingine, naye wa pikipiki ya stima. Ya huyo inabeba betri mbili, na moja alikuwa hajaigusa. Angempa kwa moyo mmoja. Lakini ilikuwa ya kampuni nyingine: umbo si hilo, tundu si hilo. Waliijaribisha hata hivyo, kwa tochi ya simu, wakijua haitaingia. Kisha wakacheka, wakaagana.

Aliisukuma hadi Majengo. Mimi nikamwamsha jirani mwenye pikapu, tukaenda kumchukua.

Nimeanza na kisa hiki nikijua watu watakitumia vibaya. Pale tunaponywea kahawa, ukitaja tu pikipiki ya stima, kuna wazee wanaosubiri kisa kama hiki wakupige nacho. "Si tuliwaambia?" Kwa hiyo niseme mapema: mtoto wa ami yangu hajutii kuacha petroli, wala mimi sijamshauri arudi. Hamwagi oili, habadilishi plagi, hashindi kwa fundi kila Jumamosi kabureta ikisafishwa. Kwa hesabu yake mwenyewe hubakiwa na kama mia mbili zaidi kila siku, na mia mbili kwa mtu wa bodaboda ni mboga ya nyumba. Ninachogombana nacho ni namna tunavyosukumwa, na anayesukumwa ni nani.

Serikali ya Kenya haijampiga marufuku mtu. Rwanda ndiyo iliyofika huko: tangu Januari 2025, jijini Kigali pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi kama si ya umeme. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi mwaka 2024, ikazuia magari binafsi ya petroli na dizeli kuingizwa nchini. Sisi tunasukumwa kwa mfuko. Julai 2023 VAT ya mafuta, ile kodi ya ongezeko la thamani, ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba mwaka huo huo petroli ilipita shilingi 217 kwa lita Nairobi, na huku pwani tulipunguziwa shilingi chache tu kwa ujirani wetu na bandari. Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara ukatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Na Sheria ya Fedha ile ile ya 2023 iliyopandisha VAT ya mafuta ndiyo iliyoipunguza hadi sifuri kwa pikipiki za umeme. Mtu haambiwi ahame. Anapandishiwa kodi ya nyumba mpaka ahame mwenyewe.

Uzinduzi wa pikipiki hizi tuliushuhudia hapa hapa Mombasa, tarehe 1 Septemba 2023. Rais William Ruto alikuja, akasema kufikia mwisho wa 2024 Kenya itakuwa na pikipiki 200,000 za umeme. Wiki iliyofuata akaendesha mwenyewe kigari kidogo cha umeme hadi KICC, jumba la mikutano la Nairobi, kwenye mkutano wa Afrika wa tabianchi, na picha zikazunguka dunia. Wengi wetu tulikuwa na picha nyingine kichwani. Juma moja tu kabla ya uzinduzi ule, usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti, stima ilipotea karibu nchi nzima, na abiria wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wakakaa gizani kwa sababu jenereta nayo ilikataa. Pale kwenye kahawa mzee mmoja aliuliza swali ambalo hakuna aliyemjibu: "Sasa hizo pikipiki zitakula nini?"

Mwisho wa 2024 ukafika ukapita. Hizo laki mbili hazikuonekana, wala nusu yake.

Lakini swali la mzee lina jibu, na jibu lenyewe ni zuri kuliko serikali inavyolieleza. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini haulali. Sisi tunalala. Kuanzia saa nne usiku watu wanazima taa, viwanda vingi vimefungwa, na mvuke uliochimbwa kwa mabilioni huachiliwa upotee hewani kwa kuwa hakuna wa kuununua umeme wake. Taabu yetu ya stima iko zaidi kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku, wakati kila nyumba inapika na kuwasha televisheni. Ndiyo maana mwaka 2023 bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme iliwekwa shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya kodi. Betri inayochajiwa saa hizo za usiku inakula kitu ambacho kingetupwa. Na petroli hununuliwa kwa dola. Mwaka ule shilingi ilipokuwa ikiporomoka kuelekea 160 kwa dola, serikali ililazimika kufunga mkataba na kampuni za mafuta za Saudia na Imarati ili ipewe mafuta kwa mkopo. Nchi yenye mvuke wa kumwaga ikikopa mafuta ili kijana aende Kongowea na kurudi, hapo hata mimi nisiyependa kusukumwa naona sababu ya kuhama.

Wapo wanaosema mbona Ulaya wenyewe wanarudi nyuma. Kweli wanayumba. Uingereza iliweka mwaka 2030 kuwa mwisho wa kuuza magari mapya ya petroli na dizeli, waziri mkuu wa wakati huo Rishi Sunak akausogeza hadi 2035 mnamo Septemba 2023, serikali ya Labour ikaurudisha 2030. Lakini ugomvi wao si wetu. Wao wanabishana kuhusu gari jipya la baba mwenye gereji yake na plagi ukutani. Sisi tunazungumzia chombo cha kazi cha mtu anayeishi chumba kimoja cha kupanga, ambapo tokeni ya stima ikiisha mwenye nyumba ndiye wa kuulizwa. Na wapo wanaokumbusha kobalti ya Kolwezi na watoto wa Kongo wanaoichimba. Hilo silipuuzi hata kidogo, ingawa betri za chuma na fosfeti hazina kobalti, na anayelitaja hulitaja kupitia simu yenye kobalti ndani.

La kodi nalipita haraka, maana mwisho wake unajulikana. Anayenunua lita moja ya petroli leo hulipa shilingi 25 za barabara na 21.95 za ushuru wa bidhaa, VAT kando. Pikipiki zikihama petroli, fedha hizo zitatafutwa pengine. Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliowatoa vijana barabarani mwezi Juni mpaka ukaondolewa, ulikuwa tayari na pendekezo la kuirudisha VAT kwenye pikipiki za umeme na betri za lithiamu. Miezi tisa tu ilikuwa imepita tangu tupigiwe ngoma Mombasa. Anayefanya hesabu ya miaka mitatu ya mkopo kwa kutegemea unafuu wa kodi aikumbuke hiyo.

Sasa nirudi Kikambala, kwenye lile tundu lisilofanana.

Pikipiki ya mtoto wa ami yangu itakuwa yake akimaliza mkopo. Betri haitakuwa yake kamwe. Akiishiwa, huenda kwenye kituo cha kampuni, anaacha iliyokufa, anapewa iliyojaa, analipa karibu mia mbili. Ndani ya betri hiyo mna uniti mbili hivi au tatu za stima; kwa ile bei ya usiku, haizidi shilingi 24 kabla ya kodi. Simwiti mtu mwizi. Betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye pikipiki hizi, na bei ya kubadilishia ndiyo inayoilipa polepole, pamoja na kituo na mshahara wa anayekaa pale. Kama angeambiwa ainunue betri mwenyewe, asingeweza hata kuanza. Mpango huo ulimfungulia mlango.

Ila mlango wenyewe una ufunguo mmoja, na ufunguo hauko kwake. Petroli ikipanda kituo hiki atakwenda kile. Ikikosekana vyote, kuna mama anayeiuza kwa chupa chini ya mwarobaini. Betri ina muuzaji mmoja. Akipandisha bei kesho, hakuna pa kwenda. Akifunga kituo cha Mtwapa, pikipiki inakuwa ya mjini tu. Kampuni ikifa, na kampuni changa hufa, atabaki na mkopo na chuma. Mwezi wa Ramadhani alichelewesha malipo siku mbili. Asubuhi ya tatu akaweka ufunguo, kimya. Hakuna aliyekuja kumdai. Ilikuwa imezimwa kutoka mbali, kama taa ya sebuleni. Zamani mwenye mkopo wa Boxer akija kuikamata, angalau mnatazamana, unamtaja Mungu, anakupa mpaka Ijumaa.

Wenye umri wangu mnaikumbuka gesi ya kupikia ilivyokuwa. Mtungi wa kampuni hii ulikuwa na vali yake na regulata yake. Ukiishiwa na duka la karibu linauza ya kampuni nyingine, unarudi na mtungi begani ukapikie makaa. Mwaka 2009 serikali ikatoa kanuni: vali ziwe za namna moja, na mitungi ya kampuni zote ibadilishane. Kampuni zililalamika sana. Hazikulalamika bure, maana wajanja waliingia katikati wakawa wanajaza mitungi isiyo yao kwenye vichochoro, na mwaka 2019 lazima ya kubadilishana ikaondolewa. Lakini vali hazikurudi kuwa mbalimbali. Leo regulata uliyonayo jikoni inakubali mtungi wowote wa kilo 13, na hukumbuki hata siku moja kumshukuru mtu kwa hilo.

Kwa hiyo jambo hili tunalijua. Si elimu ya kwenda kutafuta China. Msamaha wa kodi unatolewa kwa nani? Kwa anayeingiza na anayeunganisha pikipiki. Basi hapo hapo ndipo pa kuweka sharti: unataka VAT sifuri, betri yako iingie kwenye pikipiki ya mwenzako. Au, kama hilo bado ni gumu, chaja ya kituo chako ikubali betri ya mwenzako, na mwenye pikipiki awe na haki ya kununua betri yake akachaji nyumbani kwa ile bei ya saa za usiku. Najua betri si mtungi. Ina kompyuta ndani, na kampuni itasema ni usalama. Hata za gesi zilisema ni usalama.

Mpaka sasa msukumo wote umemwangukia anayeendesha. Ndiye aliyepandishiwa mafuta, ndiye aliyechukua mkopo, ndiye aliyelala na wasiwasi wa asilimia. Kampuni imesukumwa wapi?

Nilimuuliza mtoto wa ami yangu juzi kwa nini hajaiuza ile Boxer. Iko uani kwao, imefunikwa turubai, kuku wamelala juu yake. Mtu alikuja na elfu arubaini na tano taslimu, akamrudisha. "Bei ilikuwa nzuri, kaka," akaniambia, huku anaifunua. Akapiga kiki mara mbili, ikakohoa, ikawaka, kuku wakatawanyika. Huiwasha kila Ijumaa akirudi msikitini, dakika tano, kisha huizima na kuifunika tena.