Ubongo kwa ubongo, au ubongo kwa kishikwambi?

Novemba 2018 watafiti wa BrainGate, mradi wa Marekani wa kuunganisha ubongo na kompyuta, walitangaza jaribio la watu watatu waliopooza mikono. Kila mmoja alikuwa amepandikizwa vielektrodi, yaani vinasa vidogo vya ishara za umeme, kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Akidhamiria kusogeza mkono, mshale ulisogea kwenye kishikwambi cha kawaida, kama hicho unachokikuta dukani. Mmoja alipiga kinanda cha programu. Wawili wakaandikiana ujumbe papo kwa papo, na hilo ndilo lililonivuta: waliopooza wanapiga soga wenyewe, bila mtu wa kuwaandikia.

Mwaka 2019 zikavuma habari za BrainNet ya Chuo Kikuu cha Washington, mfumo wa kupitisha ishara kutoka ubongo mmoja hadi mwingine. Makundi matano ya watu watatu watatu yalicheza mchezo wa matofali yanayoshuka: katika kila kundi wawili waliona ubao wote, wa tatu alifichwa sehemu ya chini na akategemea ishara kutoka vichwani mwa wenzake. Kwa wastani walipatia kwa zaidi ya asilimia 81. Wanaoishabikia wanasema ushirikiano wenyewe ndio huu, na hakuna aliyepasuliwa fuvu. Hoja ya upasuaji siipuuzi. Ila wachezaji hao hawakuwa na ulemavu, na kilichopita kati yao ni “geuza tofali” au “usigeuze” basi. Hata ishara hiyo mtumaji aliitoa kwa kukodolea macho taa inayomemeteka. Mwenye macho yanayomtii hivyo anaweza kuandika sentensi nzima kwa kompyuta inayofuata jicho, tena leo hii.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kishikwambi. Aliyepooza hahitaji chumba chake maalumu cha mawazo. Anahitaji kuingia kwenye mazungumzo ambayo wengine tayari wamo.

Upande huu nao una deni lake. Vielektrodi vya BrainGate wakati ule viliunganishwa kwa waya unaotoka kichwani, na jaribio lina mwisho. Ian Burkhart wa Ohio, naye aliyepooza, alipandikizwa chipu ubongoni mwaka 2014 katika jaribio jingine, akaweza tena kushika vitu kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 2021 ikatolewa, na uwezo ule ukaenda nayo. Baadaye aliasisi umoja wa watu waliowahi kupandikizwa vifaa hivi, ili watengenezaji wawasikilize. Wanajadiliana kwa njia ambazo sote tunazitumia.