Kemba Hasi, Barabara Hasi Zaidi

Jamani, hivi mtu ukiwa na Subaru Impreza WRX hapa Dar, lazima kila anayepita awe profesa wa matairi yako? Nimeenda gereji kupiga alaimenti tu, yaani kupanga matairi yakae sawa. Fundi ananiuliza, "Bosi, tukuwekee ya mtaani au ya mbio?" Mbio zipi? Mbezi hadi Posta asubuhi, hata bodaboda aliyepakia godoro ananipita.

Vijana wawili waliokuja kuziba pancha wakadandia mazungumzo. Wa kwanza: "Braza, weka kemba, ule mlalo wa tairi, hasi nyuzi 3, matairi yalalie ndani kwa juu, gari linashika kona balaa." Kona gani? Kona ninayopiga kwa nguvu ni ya kukwepa shimo. Nyuzi 3 zina kazi yake kwenye mashindano, gari linapolalia upande kwa kasi na tairi la nje likakaa bapa. Kwenye foleni tairi linatambaa kwa ukingo wa ndani tu, mimi nasikiliza magazeti ya redioni.

Wa pili akadai nifungue too mbele, yaani ncha za mbele za matairi zikimbiane, eti gari ligeuke upesi. Litageuka, tena hata usipoligeuza! Ukiingia Mandela Road linafuata kila mfereji uliochimbwa na malori. Na too ndiyo mlafi mwenyewe. Kemba huonja tairi, too hula.

Jirani yangu aliwasikiliza watu wa namna hii. Matairi yake kwa nje bado yana vinyweleo vya kiwandani, kwa ndani waya zinachungulia. Juzi trafiki kalizunguka gari, kapiga tairi teke, kasema, "Safi, nenda."

Mimi nikatoa oda yangu: mbele kemba hasi nyuzi 1.5, kushoto na kulia sawasawa, too sifuri. Nyuma too iingie kidogo sana, mkia utulie nikiwa Bagamoyo Road na mvua imeshika. Basi. Na kabla ya yote, tikisa bushi na boljointi, zile raba na viungo vinavyoshika miguu ya gari, maana ukipima gari lenye bushi zilizokufa, vipimo vinabadilika kwenye tuta la kwanza.

Nikaomba pia nikae kwenye kiti cha dereva wakati wa kupima. Mimi ni kilo 96, gari likinibeba linashuka upande wangu. Gereji nzima ikacheka. Watu wa mashindano wanaweka hadi mifuko ya mchanga kwenye kiti, mimi nimejileta bure nachekwa!

Fundi akaniita kwenye skrini. Kemba ya mbele: kushoto hasi 0.3, kulia hasi 1.4. "Zote kijani, bosi, kompyuta imekubali." Kompyuta ndiyo inayonunua matairi? Nikamwonyesha boliti ya juu pale shokapu ya mbele inapokamata, ile ya kuzungusha kurekebisha kemba. Akaitazama kama mgeni asiyealikwa, akachukua spana huku anaguna.

Kemba ikakubali. Too ikakubali. Natoka getini, gari limenyooka kweli, ila stelingi imeangalia Kigamboni. Hakuifunga katikati kabla ya kugusa tairodi, vile vyuma vinavyogeuza matairi! Nikarudi kinyumenyume, nikashusha kioo.

"Aah, hiyo utaizoea, bosi."