Beji za vyama vya Ujerumani: feki ni chuma au ni stori?

Jumapili moja nilikuwa soko la mitumba hapa Berlin, natafuta taa ya mezani, nikajikuta nimesimama kwenye meza ya mzee mmoja aliyejaza sahani ya udongo kwa pini za koti, zile beji ndogo ndogo za chama ambazo Wajerumani walikuwa wanachomeka kwenye kola. Katikati ya lundo kulikuwa na kiduara chekundu na cheupe na pale kati amekibandika utepe mweusi wa gundi. Sikuhitaji kuambiwa kwamba chini ya utepe kuna swastika ya Wanazi. Nikauliza bei, akasema yuro 80, orijino kabisa, halafu bila kuulizwa akaongeza kwamba ilikuwa ya daktari wa kijijini kwao. Nikaona kabisa pale naambiwa ninunue vitu viwili, beji na daktari. Beji ningeweza kuipima, sasa huyo daktari ningempimaje?

Ishu yenyewe inagawa watu. Wapo wanaosema kukusanya hizi takataka ni kuwapa heshima mashetani na wapo wanaosema ni historia tu kama sarafu au stempu. Mimi naona kila upande una pointi na kila upande kuna kitu unakikwepa.

Kwanza huo utepe. Sheria ya jinai ya Ujerumani, kifungu cha 86a, inakataza kuonyesha hadharani au kusambaza nembo za vyama vilivyopigwa marufuku, adhabu ni faini au kifungo mpaka miaka 3, ila kuna mwanya kwa elimu, sayansi, sanaa na utafiti. Kuwa nayo kabatini kwako sio kosa. Kwa hiyo muuzaji anabandika utepe, mnunuzi anafika nyumbani anabandua, na wote wanajiita wanahistoria. Siwacheki wote, wengine ni wanahistoria kweli, lakini huo utepe unachekesha.

Upande wa wakusanyaji una hoja nzito kuliko watu wanavyodhani. Ukisikia beji za siasa za Kijerumani akili inakimbilia Hitler moja kwa moja, wakati zile zenye thamani ya kihistoria mara nyingi ni za waliompinga. Reichsbanner, umoja wa watetezi wa demokrasia, ilianzishwa Magdeburg mwaka 1924 kuilinda jamhuri, Eiserne Front, muungano wa kuwapinga Wanazi, ikaja mwishoni mwa 1931 na nembo yake ya mishale mitatu, wakomunisti wa KPD nao walikuwa na zao. Baada ya Hitler kushika madaraka 1933, kukutwa na mishale mitatu kwenye droo ilikuwa ni kujitafutia kambi ya mateso, watu wakazitupa, wakazizika, wakaziyeyusha. Zilizobaki zilibaki kwa sababu kuna mtu alithubutu kuzificha, na baadhi leo zipo kwa watu binafsi sio makumbusho. Usipokuwepo mtu kichaa anayelipa hela nzuri kwa kipande cha bati chenye mishale mitatu, mjukuu anayesafisha nyumba ya bibi atakitupa na mabaki ya vyombo.

Halafu 1945 gari likageuka, zamu ikawa ya Wanazi kutupa. Inakadiriwa NSDAP, chama cha Hitler, ilimaliza vita na wanachama kama milioni 8.5, na beji zao ziliishia mitoni, vyooni, bustanini, mpaka leo watu wenye vifaa vya kutafutia vyuma wanazifukua. Wajerumani wenyewe waliiita kwa utani Bonbon, yaani pipi. Kilichonifurahisha ni kwamba baadaye kule Ujerumani Mashariki beji ya SED, chama tawala cha kikomunisti, ile ya mikono miwili iliyoshikana, nayo ikaitwa pipi hivyohivyo. Serikali mbili zinazochukiana, pipi moja.

Sasa tuje kwenye kupima, maana hapa ndo wakusanyaji wanajivunia na kwa kweli wanajua kazi. Beji ya kawaida ya NSDAP ni kiduara cha milimita 23 hivi. Za mwanzo ni za shaba iliyochanganywa na rangi yake sio rangi, ni enameli, yaani unga wa kioo uliochomwa kwenye tanuru mpaka ukayeyuka juu ya chuma. Za wakati wa vita zinakuwa nyepesi, alumini au zinki iliyopakwa rangi tu, kwa sababu shaba ilikuwa inaenda kwenye risasi. Nyuma kuna pini au kitufe cha kuingiza kwenye tundu la kifungo, na zilizotoka baada ya chama kubana uzalishaji zina alama ya RZM, ile ofisi ya München iliyotoa leseni kwa viwanda, halafu M1/ na namba ya kiwanda. Kwa hiyo ukikuta beji inasemwa ni ya 1927, kabla ya leseni hizo, na nyuma ina RZM M1/ na namba, mrudishie mwenyewe na umtakie siku njema.

Feki nyingi ni za kumwaga kwenye kalibu. Unachukua orijino, unatengeneza kalibu yake, unamimina chuma, na chuma kikipoa kinasinyaa kidogo, ndo maana mtu anatembea na kipimo cha kukamata nusu ya milimita. Ukiweka lenzi ya kukuza mara 10 unaona vitundu kama vya andazi. Orijino ilipigwa kwa chapa ya chuma, herufi zimesimama na kingo zinakata. Kuna wanaogusisha kwenye jino: enameli ni kioo, ni baridi na ngumu, ila plastiki ya feki ina uvuguvugu na ukiichoma na ncha ya sindano inaingia. Hata inapobanduka enameli inatoka magamba kama sahani ya kauri. Mtu akinionyesha hivyo vyote, huyo namsikiliza kwa heshima zote, huo ni ufundi.

Tatizo linaanza baada ya ufundi. Kuna karakana zilizobaki na zile chapa za zamani zikaendelea kupiga mali baada ya vita, wateja wakiwa wanajeshi wa kigeni waliotaka kumbukumbu ya kupeleka nyumbani. Chapa ni ileile, pengine hata fundi ni yuleyule, tofauti ni mwaka tu. Hiyo utaiitaje? Wakusanyaji wamegombana miaka na miaka juu ya hilo na anayetoa hukumu mara nyingi ni mtu ambaye mwenyewe anauza, yaani refa ana timu uwanjani. Cheti cha uhalisia kinachoandikwa na mwenye duka kwangu mimi ni risiti yenye maneno mengi.

Na stori ndo inapandisha bei kuliko chuma. Konrad Kujau, yule aliyeghushi shajara za Hitler ambazo jarida la Stern lilitangaza kwa kishindo mwaka 1983 baada ya kulipa zaidi ya mark milioni 9, kabla ya hapo alikuwa muuza vitu vya kijeshi Stuttgart. Mchezo wake ulikuwa rahisi sana: anachukua kitu cha kweli cha bei poa, mfano helmeti ya vita ya kwanza, anaandika kikaratasi cha zamani zamani kwamba Hitler mwenyewe aliivaa, basi. Helmeti orijino, karatasi feki, bei mara elfu. Na shajara zilipopelekwa kwa wataalamu wa mwandiko wakasema ni halali, kwa sababu baadhi ya mwandiko waliopewa kulinganisha nao ulikuwa pia umetoka mkononi kwa Kujau. Mpaka wapimaji wa maabara za serikali walipokuta kwenye karatasi kemikali ya kung'arisha ambayo ilianza kutumika baada ya vita.

Kuna beji moja tu ambayo stori yake inaweza kukaguliwa vizuri, ile ya dhahabu, waliyopewa wanachama 100,000 wa mwanzo waliokaa chamani bila kukatika. Waliotimiza masharti walikuwa kama 22,000 tu. Nyuma ina namba ya uanachama na namba hiyo unaweza kuilinganisha na faharasa ya chama, zaidi ya kadi milioni 10 ambazo mwaka 1945 zilipelekwa kiwanda cha karatasi kule München zisagwe, mkuu wa kiwanda akazificha badala ya kuzisaga, sasa zipo hifadhi ya taifa Berlin. Safi sana. Ila mfeki naye anajua kusoma namba, anachonga ya mtu maarufu. Na hata namba zenyewe za chama zilianza kwa uongo, maana DAP, kile chama cha mwanzo kilichozaa NSDAP, kilianza kuhesabu wanachama kutoka 501 ili kionekane kikubwa, Hitler akapewa 555. Yaani unahakiki namba ya chama kilichokuwa kinadanganya toka siku ya kwanza.

Wanaopinga biashara hii wanasema tatizo sio feki, tatizo ni orijino, kwamba kadiri inavyothibitishwa ndivyo inavyogeuka kuwa kitu kitakatifu kwa watu wabaya. Novemba 2019 kulikuwa na mnada München, vitu vya Hitler na wenzake, mfanyabiashara mmoja wa Uswisi mwenye asili ya Lebanoni, Abdallah Chatila, akatoa kama yuro 600,000, akachukua alivyoweza, ikiwemo kofia, akavitoa kwa taasisi ya Kiyahudi ili visiangukie kwa hao watu. Namvulia kofia (samahani kwa maneno), lakini hela yake imeingia mfukoni mwa haohao wauzaji na mnada unaofuata umepata bei ya kuanzia. Hapo wapingaji hawana jibu zuri. Kuzichoma zote? Basi tungebaki na maneno ya watu waliosema hawakuwahi kuivaa.

Kwetu sisi kuna kisa ambacho kinanivurugia hesabu zote. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam 1904, baba yake askari wa Mjerumani, naye akaingia jeshini akiwa mtoto wakati wa vita ya kwanza. 1929 akafika Berlin, akawa mhudumu kwenye migahawa, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza filamu. Akaomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, wakamnyima kwa sababu ya rangi yake. Akavaa hivyohivyo, kwa maelezo ya watafiti wa maisha yake aliipata kwa muuza vitu vya kijeshi. Ukimpelekea mpimaji nishani ile atasema chuma sawa, enzi sawa, mvaaji hakupewa, thamani inashuka. Wakati kwa macho yangu hakuna aliyekuwa na haki nayo kama yeye. Walimkamata 1941 kwa uhusiano na mwanamke mzungu, akafia kambi ya Sachsenhausen 1944.

Nilimrudishia yule mzee kiduara chake. Badala yake nikaokota pipi ya SED, mikono iliyoshikana, enameli imebanduka pembeni kidogo, pini imepinda. Yuro 2. Hii hakunipigia debe hata neno moja wala hakusema ni ya daktari wala mwalimu, nikashangaa, nikamuuliza hii nayo ilikuwa ya nani.

Akaifunga kwenye kipande cha gazeti, akanipa chenji. "Yangu," akasema.