Sheria tunazo Mombasa, tunachokosa ni daftari

Tulio huku Uingereza hupenda kuwaambia ndugu zetu wa Mombasa kwamba kazini huku kuna haki kwa sababu sheria ni kali. Si kweli. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtu kwa rangi, lugha, dini au asili yake, na kesi ikifika mahakamani mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Huku, mlalamikaji lazima kwanza alete dalili, ndipo mzigo umhamie mwajiri.

Walichotuzidi ni hesabu. Tangu 2015 hospitali za umma za England hupima walioitwa kwenye mahojiano na walioajiriwa, kwa rangi. Tuseme wameitwa weupe 40, wakaajiriwa 10: asilimia 25. Wasio weupe 20, wakaajiriwa 2: asilimia 10. Gawanya 25 kwa 10, upate 2.5, penye usawa jibu ni 1. Hupima vivyo hivyo wanaopelekwa kwenye nidhamu. Ila idadi ndogo hudanganya: angeajiriwa asiye mweupe mmoja zaidi, 2.5 ingeshuka hadi 1.7. Idara ndogo basi ijumlishe miaka mitatu.

Sisi tunahesabu vichwa. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inataka kabila moja lisizidi theluthi ya wafanyakazi wa taasisi ya umma. Nzuri, lakini taasisi inaweza kuitimiza kwa kujaza wenyeji getini na kwenye usafi, ghorofa ya juu ikabaki ya kina fulani. Na hoteli ya kibinafsi ya Nyali haimo kabisa katika kifungu hicho.

Meneja wa Mombasa ahitaji daftari la safu tano: walioomba, walioitwa, walioajiriwa, waliopandishwa cheo, walioadhibiwa. Asili aiandike mtu mwenyewe, isikisiwe kwa jina. Kuficha jina kwenye barua ya maombi hakutoshi kwetu, maana kaunti na shule ya msingi husema kabila, vifunikwe pia. Kwenye mahojiano wakae watatu, maswali yawe yale yale, na kila mmoja aandike alama zake kabla hawajasemezana. Wakianza kuzungumza, wadogo humfuata mkubwa. Kiingereza kipimwe kwa mpokea wageni. Kumpima nacho fundi wa mabomba ni kumfungia mlango kijana wa Likoni anayeijua kazi.

Kuna tunalowazidi, na tulilinde: ofisi nyingi za Mombasa hupanga kazi ya Ijumaa mchana zikijua kuna swala. Huku Mwislamu aombe ruhusa.

Daftari hilo lisiachiwe afisa wa wafanyakazi, kwa kuwa hana ubavu wa kumuuliza mkuu wa idara kwa nini miaka mitatu amepandisha watu wa kwao tu. Mkurugenzi mwenyewe alisome kila miezi mitatu, wakuu wa idara wakiwa mbele yake.