Kanda ya Ziwa haihitaji lenzi ya milimita 600

Mtu akitaka lenzi ya kuvuta ya kusafiri nayo huku kwetu, na mfuko wake ni wa kawaida, mara nyingi huanza na namba ya milimita, yaani urefu wa lenzi: ikiwa kubwa, lenzi inavuta mbali zaidi. Anataka 600, ikishindikana basi 300. Mimi naona namba hiyo ingeangaliwa mwisho. Geuza lenzi kwanza, utafute herufi ubavuni: IS kwa Canon, VR kwa Nikon, OSS kwa Sony. Zikiwepo, ujue ndani mna kioo kinachocheza kufidia mtikisiko wa mkono wako. Zisipokuwepo, irudishe juu ya meza ya muuzaji hata kama bei ni ya kutupa.

Nasema hivi nikiifikiria Canon 75-300, ile nyeusi inayouzwa chee na mara nyingine kufungashwa pamoja na kamera mpya. Ile ya kawaida, toleo la III, haina IS. Wapiga picha wana kanuni yao: spidi ya shata, yaani kasi ya kamera kufungua na kufunga mwanga, isiwe chini ya sekunde moja gawanya kwa urefu wa lenzi, na kwa kamera za Canon zenye sensa ndogo (kile kipande kinachopokea picha) urefu huo unazidishwa kwa 1.6. Ukivuta mpaka 300, unatakiwa uwe karibu 1/500 ya sekunde. Sasa simama pale kwenye kivuko cha Kamanga, Mwanza, jua likizama ng'ambo ya ghuba, ulenge Jiwe la Bismarck lililosimama ziwani, uone kama 1/500 utaipata bila kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) mpaka picha ijae chenga. Mwenye IS anapiga kwa 1/60 na anaondoka na picha safi, maana jiwe halina safari.

Furukombe anayeshuka kudaka samaki ni kesi nyingine. IS hutuliza mkono wako, ndege haimhusu. Hapo ni 1/1000 au zaidi, na mwanga wa asubuhi uwe umeshakolea.

Chaguo langu, kwa wenye Canon za sensa ndogo, ni EF-S 55-250 IS STM iliyotoka mwaka 2013. Ina gramu 375 tu, na 250 yake ukizidisha kwa 1.6 unapata mwonekano wa milimita 400. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba inashika fokasi kuanzia sentimita 85. Kwa mji wa mawe kama Mwanza hilo si dogo. Wale mijusi wanaoota jua juu ya miamba, dume akiwa mwekundu kichwani na kifuani, buluu mwilini, wanasayansi wanawaita Agama mwanzae, yaani jina la mji wetu. Hakuna haja ya kumfukuza. Simama mita mbili tatu, vuta, na mjusi mzima anajaa kwenye picha. Tena mdomo wa lenzi hii hauzunguki unapofokasi, kwa hiyo filta ya kupunguza mng'ao wa maji inabaki ulivyoiweka. Kwenye ile 75-300 mdomo unazunguka, na kila ukifokasi unaanza upya.

Kwa Nikon za sensa ndogo kuna AF-P DX 70-300 VR, nyepesi na kali, lakini ina mitego miwili. Kuna pacha wake asiye na VR, na kwa macho wanafanana sana. Soma jina lote. Pili, kamera za zamani kama D3200, D5100 na D7000 hazielewani nayo, haitafokasi hata kwa mkono. Sony wana 55-210 OSS. Lenzi moja inayobeba yote, kuanzia 18 mpaka 300 au 400, sizikatazi, ila sizitamani.

Turudi kwa 600. Zile 150-600 za Sigma na Tamron ni kazi nzuri, lakini zina uzito wa kilo mbili hivi. Ibebe kwenye bodaboda, ipandishe kwenye boti ya kisiwa cha Saanane, kisha pimbi wenyewe wanakuja karibu na njia unayopita. Mchana ndiyo kabisa: hewa juu ya ziwa na mawe hucheza kwa joto, na kitu cha mbali kinatoka kimeyeyuka. Kuvuta zaidi ni kuukuza huo uyeyushaji. Nakubali kwamba kwenye kisiwa cha Rubondo, nzohe (swala wa majini) akiwa amejificha ndani ya mafunjo, 250 itakuacha njiani. Hata kuelekea lango la Ndabaka la Serengeti kuna siku utalaani. Lakini ni siku chache, na tofauti ya bei naona ni heri umlipe mwenye mtumbwi akusogeze asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Wanaotamani 70-200 ya f/2.8 nawaelewa (f ni kipimo cha tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Tundu lake hupitisha mwanga mara nne ya f/5.6. Nawaelewa, basi.

Jambo moja la soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Lenzi ndefu inashawishi kuvizia akina mama wanaochambua dagaa kutoka mbali. Salimia, omba, kisha piga. Picha ya kuvizia huonekana ni ya kuvizia.

Ukinunua iliyotumika, washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili. Unyevunyevu wa ziwani unapenda kuotesha kuvu kwenye vioo, utaona nyuzinyuzi nyeupe. Vumbi kidogo lisikutishe, ila nyuzi zikiwepo ondoka. Kisha ivalishe kwenye kamera yako mwenyewe, vuta mpaka mwisho na ubonyeze shata nusu: picha kwenye kitundu cha kutazamia inatakiwa itulie ghafla. Isipotulia, angalia swichi ya IS kabla hujamlaumu muuzaji. Kwenye ile AF-P swichi hakuna, VR huwashwa kwenye menyu ya kamera.